Mtori Uliopekechwa na Makande Ambayo Hayajalala

Mtori mzuri, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hutambulika kabla haujaonjwa. Bakuli linapowekwa mezani, uso wa mtori huwa umetulia na kufanya utando mwembamba unaong'aa mafuta ya mfupa, na kijiko kinapoupasua utando huo, mvuke hufoka pale pale palipopasuliwa, kwa kuwa uzito wa ndizi umelifungia joto lote chini. Niliyaona hayo mwezi wa Juni katika mgahawa mdogo usio na bango, ulioko kando ya barabara inayopanda kutoka Himo kwenda Marangu, mkoani Kilimanjaro, na kabla Agosti haijafika katikati nilikuwa nimerudi hapo mara tano zaidi. Tathmini hii inahusu safari hizo sita, vyakula vitano nilivyovila, kimoja ambacho sikukila, na swali lililonirudisha kila mara: je, chakula cha nyumbani cha msimu wa baridi kinaweza kununuliwa kwa mtu usiyemjua na bado kikafanya kazi yake?

Ni vyema nieleze kwanza kwamba mimi si mtu wa mlimani. Nimezaliwa na kukulia Tanga, ambako kipupwe maana yake ni upepo wa kusi unaomfanya mtu ajitafutie shuka usiku, na ambako mwili hutiwa joto kwa uji wa pilipilimanga au chai ya tangawizi. Kazi ilinileta Moshi, ndoa ikaniunganisha na Usangi, Upareni, na kwa miaka minane sasa nimekuwa nikijifunza kula kama watu wa huku. Mji wa Moshi wenyewe uko kwenye mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini Marangu iko mamia ya mita juu zaidi, na kwa kuwa joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, msafiri aliyeondoka Moshi na shati jepesi huanza kujuta akiwa bado ndani ya gari. Mwezi wa Julai wingu huulalia mlima tangu alfajiri, kilele cha Kibo hupotea machoni kwa siku kadhaa mfululizo, na manyunyu ambayo hayastahili hata kuitwa mvua huzilowesha nguo taratibu bila mwenyewe kutambua. Mtu aliyetoka katika hali hiyo hutaka chakula kizito kinachokaa na joto lake, na nadhani ndiyo sababu vyakula vingi vya mlima huu huwa vya kupondwa, vya kupekechwa, au vya kuchemshwa mpaka vishikamane.

Mgahawa wenyewe ni chumba cha mbao chenye meza sita chini ya paa la bati. Jiko limetengwa kwa ukuta wa nusu, kwa hiyo mteja huona mafiga, sufuria na mikono ya wapishi bila kificho chochote. Nyuma ya jiko huanza kihamba cha mwenye mgahawa, chenye migomba, mibuni chini yake, na migrevilea ambayo matawi yake hupunguzwa na kuwa kuni, na sehemu ya ndizi zinazopikwa hutoka humo humo. Orodha ya vyakula haikuandikwa popote; msichana anayehudumia huitaja kwa mdomo, na ukimwomba airudie, huirudia kwa mpangilio ule ule bila kukunja uso.

Nianze na mtori, kwa kuwa ndio uliobeba sifa ya mahali hapo. Siku ya kwanza nilifika saa mbili kasorobo asubuhi, nikakuta umebaki robo ya sufuria. Safari ya pili nilijihimu, nikafika saa kumi na mbili na nusu, nikapata nafasi ya kutazama unavyomaliziwa. Mifupa ya ng'ombe yenye nyama, hasa ya miguu na ya mbavu, huwa imechemshwa tangu usiku wa manane kwa chumvi na kitunguu peke yake, mpaka nyama inapoachia mfupa na supu inapoanza kunata kidogo midomoni. Ndizi mshare, ambazo watu wengine huziita mchare, humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande vidoleni, kisha hutumbukizwa kwenye beseni la maji zisije zikasawijika. Ndizi hizo ndizo huingizwa katika ile supu, zikaiva mpaka zikaanza kupasuka zenyewe. Hapo nyama hutolewa na kuwekwa kando, na mpishi huchukua upekecho, kijiti kirefu chenye matawi mafupi kwenye ncha yake, akakizungusha kati ya viganja viwili kama mtu anayepekecha moto, mpaka ndizi zikayeyuka ndani ya supu na kuacha punje ndogo ndogo. Nyama hurudishwa, kijiko kimoja cha samli huongezwa, na kazi huwa imekwisha.

Nilipomwona akimalizia, nilimuuliza kutoka upande wangu wa ukuta: "Shikamoo mama. Unga unatia saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Unga wa nini? Ndizi imekosa nini hata nitie unga?"

Jibu hilo limebeba tofauti kubwa kati ya mtori wa hapo na ule unaouzwa katika migahawa mingi ya mjini, ambako supu nyepesi huongezewa unga wa ngano ili ionekane nzito. Mtori wenye unga huwa laini mno, huteleza bila kuacha chochote ulimini, na ukipoa huganda kama gundi ya kubandikia karatasi. Mtori wa ndizi tupu huwa na chembechembe, hujaza mdomo, na hata ukipoa hubaki na mwenendo wa chakula. Ladha yake ni ya upole kuliko nilivyotarajia nilipoula kwa mara ya kwanza miaka ile. Hauna nazi, hauna bizari, hauna hata kitunguu saumu, na mtu wa Pwani anaweza kuudhania umesahauliwa viungo. Mezani huletewa limau na pilipili mbuzi, nami nashauri uonje vijiko vitatu kabla hujavigusa, kwa sababu limau likizidi huikata ile ladha ya mfupa ambayo imeangaliwa usiku kucha.

Katika mara tano nilizoula, mara moja tu mtori ulinisikitisha. Ilikuwa safari ya tatu, siku ya soko, na ndizi zilizotumika zilikuwa zimekomaa kupita kiasi na kuanza kugeuza wanga wake kuwa sukari, kwa hiyo bakuli zima lilikuwa na utamu wa mbali usiopatana na nyama. Nilipomtajia msichana wa huduma, hakubisha. Alisema ndizi za kihambani ziliisha juzi na zile zilinunuliwa. Sikupunguziwa bei, wala sikuomba. Mshare ni ndizi inayoshambuliwa sana na ugonjwa wa mnyauko unaoingilia mizizini, na ninavyoona mimi, mpishi asiyekubali kuchanganya aina nyingine za ndizi ili kujaza sufuria amejichagulia njia ngumu, kwa hiyo siku moja mbaya kati ya tano naweza kumsamehe.

Uchagani mtori ni chakula cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua huwekwa ndani, hupikiwa na mama yake au mama mkwe, na bakuli la mtori humfuata asubuhi na jioni ili apate nguvu na maziwa ya mtoto yasikauke. Hupewa pia mgonjwa anayeinuka kitandani na mzee asiye na meno. Nilipolifikiria hilo nikiwa nimekishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nilitambua kwamba sijawahi kumsikia mtu yeyote aliyejipikia mtori akaula peke yake. Tangu asili yake ni chakula cha kupikiwa: anayekula hakuchoma vidole kumenya ndizi wala hakuamka usiku kuchochea moto, na wote wawili wanalijua hilo. Kwa hiyo kuulipia mgahawani hakuuvunjii heshima sana kama ningedhani, maana mpangilio wenyewe, wa mmoja kukesha na mwingine kuamka na kuletewa, unabaki vile vile. Bakuli moja huuzwa shilingi 3,000, nalo linatosha kumfikisha mtu mzima hadi saa nane mchana.

Nililazimika pia kujaribu nyumbani, ili nisije nikamsifu mtu kwa jambo ambalo kila mmoja angeliweza. Nyumbani kwangu tunapikia gesi, na kuchemsha mifupa usiku kucha kungemaliza mtungi kabla ya mwisho wa mwezi, hivyo nilitumia sufuria ya presha. Baada ya dakika 50 nyama ilikuwa imelainika na supu ilikuwa na mnato wa kuridhisha. Kosa langu lilikuwa kwenye hatua iliyofuata, nilipozitia ndizi katika blenda nikidhani nimeurahisisha upekecho. Visu vya blenda huzipasua chembe za wanga zote kwa pamoja, na kilichotoka kilivutika kama ulimbo, mwanangu akakikataa. Mara ya pili niliziponda ndizi kwa mwiko ndani ya sufuria ile ile, nikapata mtori ambao ningeupa alama saba kati ya kumi. Anayeishi mbali na Kilimanjaro na mwenye sufuria ya presha, basi, asikate tamaa; aiache blenda kabatini, achague ndizi mbichi ngumu zenye ganda la kijani kibichi lisilo na doa la njano, na asiharakishe kuongeza maji.

Machalari, yaani ndizi nyama zisizopekechwa, yanapatikana kuanzia saa tano na huuzwa shilingi 4,000. Ndizi huwa nzima, zimeiva bila kuvurugika, na nyama huwa nyingi kuliko bei inavyostahili. Hata hivyo, mpishi wa mchana, ambaye si yule wa alfajiri, hupenda nyanya kuliko kiasi na humalizia kwa viungo vya unga vya paketi, jambo linaloufanya mchuzi wote ufanane na mchuzi wa mahali popote pengine. Kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja na kupondwa, nilikula mara moja. Kilikuwa kikavu, na kwa kweli ni chakula cha kupeleka shambani zaidi kuliko cha kuagiza ukiwa umekaa mezani. Walio na mazoea nacho wanajua thamani yake kuliko mimi.

Makande ndiyo yaliyonipa kazi ya kufikiri. Kwa msomaji wa Kenya, ambaye huenda anapita Himo akitokea Taveta, makande ni ndugu wa githeri, na kwa kuwa mahindi ya huku hukobolewa kwanza ganda likatoka, ni ndugu wa karibu zaidi wa muthokoi ya Ukambani. Mahindi meupe yaliyokobolewa hulowekwa usiku, maharage huchemshwa nayo kwa saa nyingi, kisha huungwa kwa kitunguu na, kwa kadiri ya nyumba, karanga zilizosagwa, maziwa, au tui la nazi lililopandishwa kutoka kwetu. Kwa Wapare hiki ni chakula cha heshima. Mama mkwe wangu huyapika Usangi katika sufuria kubwa inayotosha familia kwa siku mbili, na siku ya kwanza wakubwa hula kidogo tu, tena bila sifa, kwa sababu kila mmoja anasubiri kesho yake.

Sababu ya kusubiri inaeleweka na yeyote aliyewahi kuyala makande yaliyolala. Yakiwa mapya, punje za mahindi hukaa peke yake na maharage peke yake, mchuzi ukiwa mwepesi katikati yao, na chumvi ikiwa imeishia nje ya punje. Yakilala usiku mmoja katika baridi ya milimani, maharage huachia wanga wake kwenye mchuzi, mahindi huunywa mchuzi huo na kuvimba, na asubuhi yanapopashwa kwa moto mdogo huku yakigeuzwa polepole, sufuria nzima huwa chakula kimoja kizito chenye ukoko mwembamba chini, ambao watoto huugombania. Hiki ndicho kiporo cha makande, na kwa maoni yangu hakuna kifungua kinywa cha asubuhi ya Julai kinachokishinda, hata mtori.

Mgahawa huu huyapika makande kila siku na kuyauza yakiwa mapya. Kila nilipoyaagiza, mara tatu kwa jumla, yalikuwa safi, ya moto, yameungwa kwa karanga kwa mkono wenye kipimo, na yote yalikuwa na umri pungufu kwa siku moja. Siwezi kuwalaumu. Mteja aliyelipa shilingi 2,500 akisikia ameletewa chakula cha jana atasimama na kuondoka, na bwana afya wa kata akisikia atakuja na karatasi yake. Lakini hapo ndipo nilipopata nusu ya jibu la swali langu. Mtori unaweza kuuzwa kwa kuwa unakamilika alfajiri na kuliwa asubuhi ile ile. Makande yanakamilika kwa kulala, na mgahawa hauna ruhusa ya kuyalaza. Hakuna ufundi wa mpishi unaoweza kulitatua hilo.

Kuna kosa jingine la makande ambalo ufundi ungelitatua. Katika safari ya nne yalikuwa na ladha ya sabuni, dalili kwamba magadi yalizidishwa ili maharage yaive haraka. Magadi hulainisha maharage kwa kuvunja kile kinachoshikilia ganda lake, nayo huokoa kuni nyingi, lakini kipimo chake ni cha ncha za vidole viwili kwa sufuria kubwa, na yakizidi hayafichiki kwa karanga wala kwa chumvi. Nilikula nusu, nikaacha nusu. Kuloweka maharage pamoja na mahindi usiku kungeiondoa haja ya magadi kabisa, na sioni kwa nini jiko linalokesha kwa ajili ya mifupa lishindwe kukumbuka beseni moja la maharage.

Jumamosi huchinjwa mbuzi, na siku hiyo hupikwa kisusio. Sikukionja. Kisusio hutiwa damu ya mnyama, na dini yangu hainiruhusu, kwa hiyo siwezi kukisifu wala kukiponda; nilichokiona ni kwamba wazee waliokuja kwa ajili yake walikaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida ya wazee. Ninalitaja kwa sababu Mwislamu mwenzangu anayepita hapo Jumamosi anapaswa kuuliza kabla ya kuagiza "supu ya mbuzi", maana sufuria ni mbili na hukaa jirani. Mimi niliuliza, na sikudharauliwa kwa kuuliza: nilioneshwa sufuria isiyo na damu, nikaambiwa nani aliyechinja, na upawa wake ulikuwa peke yake. Supu hiyo ilikuwa nyepesi, ya kuamsha mwili, yenye utumbo uliosafishwa vizuri. Nyama ya ng'ombe hununuliwa buchani Himo, na huko mchinjaji ni Mwislamu, kama ilivyo katika mabucha mengi ya nchi hii.

Kuhusu vinywaji sina mengi. Chai ya maziwa huchemshwa na majani na tangawizi iliyopondwa, si maji ya moto na kifuko, na kikombe chake ni cha bati kinachochoma midomo. Uji wa ulezi upo asubuhi, mzito, wenye uchachu kidogo. Kahawa, jambo la kushangaza kwa nyumba iliyozungukwa na mibuni, ni ile ya unga wa kopo.

Moshi wa kuni ndio ulioniweka njia panda, nami sitaufunika. Ukuta wa nusu unaomwonesha mteja jiko humletea pia moshi wake, na siku za wingu zito, moshi unapokosa njia ya kupanda, macho huwasha meza zote sita. Mteja hukaa dakika 40 akaondoka na harufu kwenye sweta. Mama anayepekecha hukaa humo tangu usiku. Serikali imejiwekea mkakati wa kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na ninaunga mkono jambo hilo nikijua fika kwamba sehemu ya ladha ninayoisifu hapa ni huo moshi, na sehemu nyingine ni wingi wa saa ambazo gesi hairuhusu. Bomba la bati la kutolea moshi kupitia paani si gharama kubwa kwa mgahawa unaomaliza sufuria ya mtori kabla ya saa tatu. Lingewafaa wateja, na wapishi lingewafaa zaidi.

Huduma ni ya taratibu lakini haina dharau. Mzee akiingia, kijana aliyekaa karibu na jiko huondoka pale penye joto bila kuambiwa. Vyombo vilikuwa safi katika safari zote sita, maji ya kunawa huwa ya uvuguvugu, na choo kiko nje, cha shimo, kimepigwa sakafu na kina maji ya ndoo. Malipo ni fedha taslimu au kwa simu. Anayetoka Moshi apande gari hadi Himo, kisha apande za kwenda Marangu na kumwomba kondakta amshushe penye rundo la kuni lililofunikwa kwa turubai la buluu upande wa kushoto. Makondakta wengi walipafahamu hapo kwa maelezo hayo tu. Anayetaka mtori asifike baada ya saa mbili asubuhi, na anayetaka kukaa mbali na moshi achague meza ya mlangoni na avumilie upepo.

Safari yangu ya sita ilikuwa wiki ya pili ya Agosti, asubuhi yenye ukungu uliofika hadi kwenye vizingiti vya nyumba. Nilichelewa kwa sababu gari lilipata pancha, na nilipofika saa tatu na nusu, mtori ulikuwa umekwisha na makande ya siku hiyo yalikuwa bado yanatokota, maharage yakiwa magumu. Niliagiza chai. Mama wa alfajiri alikuwa amemaliza zamu yake, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga pamoja na wasichana wawili, na kati yao palikuwa na sufuria ndogo iliyoungua upande mmoja. Nilimsalimia, nikamtania kwamba leo mkwe wa Upareni atarudi na njaa.

Alinitazama, akaitazama sufuria. "Haya si ya kuuza, mwanangu. Ni ya jana, ya kwetu wenyewe."

Nikamwambia hayo ndiyo niliyoyatafuta tangu Juni. Wasichana walicheka, mmoja akaleta bakuli la bati, na mama akanikwangulia pamoja na ukoko. Yalikuwa yamenyonya mchuzi wake wote, mazito, na safari hii hayakuwa na dalili ya magadi. Nilipokwenda kulipa nilidaiwa chai peke yake, shilingi 700.